Punje ya Kumi na Moja

Nyumbani kwetu Kyebando tunaongea Kiswahili, lakini si kwa mapenzi ya lugha. Mama yangu, Jalia, ni Mnubi. Baba yangu, Otema, ni Mwacholi, tena polisi. Walipokutana kambini, baba hakujua Kinubi hata cha kuombea maji, na mama hakujua Kiacholi hata cha kutukania mtu, basi wakakutana katikati. Mimi, Okidi, nikazaliwa hapo hapo katikati. Kiswahili ni lugha nzuri, ila Kampala kina shida zake: ukiuliza bei ya nyanya kwa Kiswahili, mwenye nyanya anashika pochi yake kwanza, ndipo anakujibu. Anajua hiyo ni lugha ya askari au ya mwizi, na bado hajajua wewe ni yupi.

Kwenye dini hawakukutana katikati. Waliahidiana kabla ya ndoa kwamba watoto watafuata dini ya baba. Mama alikubali, na mama yangu akishakubali jambo, hata mwenye jambo akilisahau, yeye bado analo. Baba akahamishiwa Kaabong, kule Karamoja, kabla sijaanza hata shule. Ahadi ikabaki Kyebando na mwanamke Mwislamu, mtoto mmoja, na simu iliyopasuka kioo.

Sasa shule yetu, ambayo ni ya masista, ina desturi yake. Kila mwezi wa tano, ule mwezi wa Bikira Maria, kuna Jumapili ya Akina Mama. Wanafunzi watano wa kidato cha nne wanaongoza rozari ukumbini, kila mmoja kumi lake, yaani fungu lake la sala, na kila mmoja anasimama na mama aliyemfundisha kusali. Si baba, si katekista, si mjomba mwenye gari. Ni mama. Wakimaliza, mtoto anamfunga mama yake kitenge kipya mabegani, watu wanapiga makofi na vigelegele, na mama analia. Mama ambaye halii anasemwa mpaka Krismasi.

Mwaka huu Sista Lanyero, anayetufundisha dini, alisoma majina matano, na la mwisho likawa langu.

“Mimi, Sista?”

“Wewe. Huo mdomo umepiga kelele hapa miaka minne. Tuutumie kwa Mungu mara moja kabla hujaondoka nao.”

Darasa lilicheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu kusema kweli ilikuwa nzuri, ningetamani ningeisema mwenyewe.

Nilipita Wandegeya kumwambia mama. Anauza chai na gurusa karibu na hosteli za wanachuo. Gurusa ni mkate wetu wa Kinubi, mwembamba, unageuzwa kwenye kikaango, na mama anaugeuza kwa vidole vitupu kana kwamba moto ni jirani yake. Nilimweleza yote, kuanzia kitenge mpaka vigelegele. Aliniuliza tu kama nimekula. Lakini kesho yake asubuhi niliona tobu lake la buluu, ule mtandio mrefu wa sikukuu anaoutoa kwenye sanduku kwa Idi tu, limening'inia kwenye kamba likipunga upepo.

Jioni hiyo hiyo akaja Waya Santa kutoka Nakawa. Waya ndivyo Waacholi tunavyomwita dada wa baba, na huyu wetu kweli ana umeme. Anauza simsim na samaki wakavu sokoni, na ni mwenyekiti wa akina mama Wakatoliki wa parokia yetu. Akiingia kanisani, hata mishumaa inasimama wima.

“Nimesikia!” akasema kabla hajakaa. “Sista ameniambia mwenyewe. Damu ya Otema itaongoza rozari! Wifi, nimeshapeleka kitambaa kwa fundi. Gomesi ya zambarau, mabega haya hivi.” Gomesi ni gauni refu la sherehe la akina mama wa huku kwetu, lenye mabega yaliyochongoka. Akaonyesha mabega hivi. Mabega yalikuwa makubwa.

“Gomesi ya nini, Waya?” nikauliza.

“Ya kusimama na wewe, mjinga! Utasimama na nani? Mimi ndiye mama yako wa imani. Nani alikushika ulipobatizwa?”

Ni kweli alinishika. Alinishika vizuri, akanirudisha kwa mama, akarudi Nakawa.

Nilimtazama mama. Alikuwa anamimina chai. “Ni sawa, wifi,” akasema. “Wewe ndiye unayejua mambo ya kanisa. Msimame pamoja.”

Alisema haraka mno. Mama yangu huwa hasemi “ni sawa” kabla hajauliza maswali. Hata mwenye duka akimrudishia chenji sawasawa anamuuliza kwa nini. Waya alipoondoka, nilitoka uani. Kamba ilikuwa tupu. Tobu la buluu lilikuwa limesharudi kwenye sanduku.

Hapo ndipo mzaha uliponiishia.

Maana nikueleze nani alinifundisha kusali. Kila Jumapili mama aliniamsha, akaninyooshea shati, akanipeleka mpaka kwenye geti la kanisa. Yeye hakuingia. Alikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza muda wa simu, akaningoja mpaka misa iishe. Nikitoka, hakuniuliza kama nimefurahi. Aliniuliza: “Injili imesema nini?” Nikieleza vizuri, gurusa na asali. Nikianza kukuna kichwa, ananigeuza mabegani, ananirudisha ndani kwa misa ya pili. Wenzangu walisikiliza Injili kwa ajili ya mbingu. Mimi niliisikiliza kwa ajili ya gurusa, na mpaka leo hakuna anayenishinda kwa mifano ya Yesu.

Tena alikuwa na maoni yake. Nilipomweleza ile ya mwana mpotevu, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Na mama yake alikuwa wapi?”

“Hawakusema, Mama.”

“Ndiyo maana alipotea.”

Na rozari je? Hiyo ilifundishwa kwa simu. Baba yuko Kaabong, rozari yake mkononi. Mama yuko Kyebando, mimi magotini pake, na yeye rozari hana. Anayo tasbihi yake. Ni ile fupi ya punje thelathini na tatu, na kila baada ya punje kumi na moja kuna punje kubwa ya kutenganisha.

“Unaanza na Baba Yetu,” baba akasema kwenye spika. “Halafu Salamu Maria, punje kwa punje, mpaka ufike kwenye ile kubwa. Ukifika kubwa, Atukuzwe Baba. Hiyo yote inaitwa kumi.”

“Mpaka kwenye kubwa,” mama akasema.

“Mpaka kwenye kubwa.”

Hakuna aliyemuuliza mwenzake ameshika nini. Mama alihesabu, akapata kumi na moja. Mtu mwingine angeuliza. Yeye akajiambia, hawa ni watu wanaosema tatu ni moja. Kumi yao ikiwa kumi na moja, mimi nani nibishe?

Basi tulisali hivyo kila jioni. Yeye ananianzishia ile nusu ya kwanza, Salamu Maria, umejaa neema, kwa sababu Maryamu anamheshimu na hana shida naye. Nusu ya pili, kuanzia Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, ananyamaza, ananinyooshea kidole, namalizia mwenyewe kama baba alivyonifundisha. Anasukuma punje. Nikisinzia katikati, ananianzishia tena. “Mimi sisali sala yenu,” alikuwa anasema. “Mimi nakuangalia usali.”

Kidato cha kwanza, mara ya kwanza kuongoza rozari darasani, nilisalisha kumi na moja. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Sista Lanyero akanitazama juu ya miwani. “Okidi, wewe ni mkarimu kuliko Kanisa? Nani amekufundisha hivyo?”

“Mama, Sista.”

Tangu siku hiyo, shuleni nasali kumi, nyumbani nasali kumi na moja, kama mtu mwenye sare mbili. Kwa nini sikumwambia mama? Kila nilipotaka kumwambia, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na tasbihi mkononi, macho yanafunga, amesimama kwenye moto wa Wandegeya tangu alfajiri. Mwambie wewe.

Basi Jumatatu nikaenda ofisini kwa Sista Lanyero.

“Sista, lile tangazo la Jumapili ya Akina Mama linasema mama aliyekufundisha kusali, ama mama anayesali hapa?”

Akaweka kalamu chini. “Santa hakukufundisha?”

“Waya alinishika kwenye ubatizo. Aliyenifundisha ni mama.”

“Mama yupi?”

“Sista, nina mmoja tu.”

“Yule anayekaa kwenye benchi nje ya geti?” Nikashangaa, sikujua kwamba anamjua. Akaanza kucheka polepole. “Yule wa kumi na moja!”

“Ndiye.”

Alifikiri kidogo. “Tangazo linasema aliyekufundisha. Halikuuliza yeye anasali wapi. Mlete. Ila, Okidi, nisikilize. Kumi ni kumi. Parokia nzima itakuwepo, paroko atakuwepo, sitaki mtu amcheke mama yako mbele yangu. Kabla ya Jumapili, mwambie.”

“Nitamwambia, Sista.”

Kumshawishi mama ilikuwa kazi. Nilimpigia baba, nikamweka spika juu ya meza, kati ya sukari na kibiriti.

“Jalia,” baba akasema, “nani alikuwa anamwamsha mtoto kwenda misa?”

“Otema, usinianze. Niingie kanisani mimi? Kaka yangu Abdul-Karim akisikia?”

“Si kanisani, Mama,” nikasema. “Ni ukumbini. Pale wanapochezea netiboli mvua ikinyesha.”

“Na Santa? Ameshashona gomesi.”

“Dada yangu ana gomesi za kumtosha kufungua duka,” baba akasema. “Mimi nilikuachia mtoto, nikakuta Mkatoliki. Nani alifanya kazi hiyo, malaika?”

Mama alichukua kibiriti, akakigeuza, akakirudisha. “Sitasali,” akasema mwishowe. “Nitashika tasbihi, nihesabu kama kawaida. Kusali, sali wewe.”

“Haya, Mama.”

“Na usinifunge hicho kitenge kama mzigo wa muhogo.”

Jioni ile tobu likarudi kwenye kamba.

Kilichobaki ni kumwambia kuhusu kumi. Jumanne nilianza: “Mama, unajua kumi ni ngapi?” Akasema, “Shule imekushinda sasa?” Tukacheka, ikapita. Jumatano nikaanza kwa upande mwingine, nikaishia kumwigiza paroko anavyopiga chafya, akacheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo shida ya mzaha: ukiuzoea, kila mlango unaoufungua unaukuta huo huo. Ijumaa nilimkuta peke yake chumbani, tobu mabegani, mbele ya kile kioo chetu kidogo, tasbihi mkononi, anasukuma punje na kunong'ona. Alikuwa anafanya mazoezi. Nilirudi nyuma taratibu, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Waya Santa, yeye hakuhitaji kuambiwa, alishasikia kwamba nitasimama na mama. Alinipigia Jumamosi, nikaiweka simu mbali na sikio ili niokoe sikio.

“Umenivua gomesi!”

“Waya, gomesi bado ni yako.”

“Nyamaza! Unajua kwamba huyo mama yako anasalisha kumi na moja? Mimi nilimsikia kwa masikio yangu nilipolala kwenu Pasaka ile. Nikasema moyoni, Yesu Maria, na huyu ni mtoto wa kaka yangu! Kesho ataliaibisha jina la Otema mbele ya paroko. Mimi nitakaa mstari wa mbele, nione kwa macho.”

“Ungemwambia siku ile, Waya.”

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ikashuka. “Alikuwa ameshanipikia,” akasema, akakata simu.

Jumapili ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, maua ya karatasi, gomesi za kila rangi, na mstari wa mbele zambarau yenye mabega mawili kama milima ya Rwenzori. Waya alikuja nayo. Pembeni yake na nyuma yake, akina mama wote wa parokia.

Mama alipoingia na tobu lake la buluu, minong'ono ilipita kwenye viti kama panya kwenye dari. Mama mmoja nyuma yetu akamuuliza mwenzake kwa Luganda kama huyu amekosea njia. Mama yangu anajua Luganda. Ameuza chai kwa lugha hiyo miaka mingi. Aligeuka, akamwambia kwa Luganda safi kabisa, “Hapana nyabo, nimeletwa na mtoto,” akakaa.

Sisi tulikuwa wa mwisho. Wale wanne walisalisha vizuri, mama zao walilia vizuri. Wa tatu alilia mpaka kitenge kikalowa kabla ya picha. Mama yangu hakusikia lolote: alikuwa ameinamia tasbihi yake, akinong'ona mazoezi yake. Kila kumi lilipoisha nilihesabu vidole vyangu, nikijiambia, sasa mnong'oneze. Mama, ni kumi. Maneno matatu tu. Mimi ambaye natoa maneno mia bila kuombwa.

“Okidi na mama yake,” Sista Lanyero akasema kwenye kipaza sauti, na akanikazia macho yanayouliza. Nikatazama maua ya karatasi. Akaelewa. Nilimwona akifumba macho, na sidhani kama ilikuwa kwa ibada.

Tulisimama. Nikaongoza Baba Yetu, sauti kubwa, hakuna shida. Halafu nikamtazama mama ili tuanze punje ya kwanza. Alikuwa ameishika kwa kidole gumba na cha shahada, vile vile kama zamani, ila vidole vilikuwa vinatetemeka. Vidole vinavyogeuza gurusa motoni! Nikafungua mdomo, na mdomo wangu, ule ambao Sista aliuchagua kwa nguvu zake, ukatoa hewa.

Nikajaribu tena. Hewa.

Ukumbi ulingoja. Mama alinitazama, na nikaona kwamba anaijua hali hii. Kwake mimi nilikuwa nimesinzia tena. Akafanya alichokuwa akifanya siku zote.

“Salamu Maria, umejaa neema,” akaanzisha, kwa ile sauti anayoitia wanachuo wa ng'ambo ya barabara waje wanywe chai, “Bwana yu nawe…” Akaifikisha nusu yake, akanyamaza, akaninyooshea kidole.

Na ukumbi mzima ukadhani ndio ulionyooshewa. “Maria Mtakatifu!” wakaitikia, watu mia kadhaa kwa mpigo.

Mama alishtuka kama mtu aliyegonga ukuta ukafunguka. Miaka yote alikuwa anaanzisha, na mtoto mmoja anaitikia kwa usingizi. Hakujua kwamba huku wanagawana vile vile: kiongozi nusu, watu nusu. Akasukuma punje. Akaanzisha ya pili. Wakaitikia. Kufika ya tatu vidole havikutetemeka tena, na kufika ya tano alikuwa anatupeleka mwendo wake, hakuna kuburuta, hakuna kusinzia, kama mwenye biashara.

Nikaanza kufurahi. Halafu nikakumbuka kuhesabu.

Ya saba. Ya nane. Mkono wangu ulikuwa karibu na wake. Ningeweza kumgusa kwenye ya kumi, nikamwonyesha kwa macho, akaacha. Watu wasingejua. Lakini yeye angejua. Angejua pale pale, mbele ya watu wote, kwamba alichonipa tangu utotoni kilikuwa na kosa, na kwamba nililijua nikalificha. Ya tisa. Niliinua mkono.

Nikaurudisha mfukoni. Kama ni aibu, nikasema, basi itukute wote wawili tumesimama.

Ya kumi ikaisha. “Amina,” ukumbi ukasema, ukavuta pumzi. “Atukuzwe Ba—”

“Salamu Maria, umejaa neema,” mama akaanzisha, macho kwenye punje, wala hakuwasikia. Bado hajafika kwenye kubwa.

Wale waliokuwa na Baba mdomoni wakammeza. Mama akafikisha nusu yake, akanyamaza, akanyoosha kidole. Kimya. Mtoto fulani akaangusha chupa ya maji. Kwenye mistari ya kidato cha pili mtu alicheka kwa pua, na kicheko cha pua ukumbini ni kama kibiriti kwenye nyasi. Kidole cha mama kilikuwa bado hewani. Kikaanza kushuka.

“Maria Mtakatifu,” nikasema. Ilitoka kama chura, lakini ilitoka. Chura mmoja ukumbini.

Ndipo zambarau ikasimama. Mabega yote mawili.

“MARIA MTAKATIFU!” Waya Santa akaitikia, kwa ile sauti inayouza samaki Nakawa kuanzia geti hadi geti, na akageuka nyuma, akawatazama akina mama wake wa parokia. Akina mama hao wamezoea: mwenyekiti akisimama, wanasimama, akisema, wanasema. Viti vikalia, gomesi zote zikainuka, na punje ya kumi na moja ikaitikiwa kwa nguvu kuliko zote kumi zilizotangulia. Kidato cha pili walikuwa wamenyooka kama penseli.

Mama akafika kwenye kubwa. “Haya, Atukuzwe,” akaniambia, kama nyumbani.

“Atukuzwe Baba,” nikasema, na paroko akawa wa kwanza kuitikia, mdomo wake unapigana na kicheko. Sista Lanyero aliniletea kitenge. Nikamfunga mama mabegani juu ya tobu la buluu.

“Usikaze,” akaninong'oneza, “nitapumulia wapi?”

Vigelegele vikapigwa. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hilo nimeshasemwa na nitasemwa mpaka Krismasi, kwa hiyo sitaki ulirudie.

Nje, Waya alitungoja karibu na masufuria ya pilau.

“Wifi,” mama akamwambia, “sauti yako ni nzuri.”

“Na hesabu yako ni mbaya,” Waya akasema. “Kumi ni kumi, Jalia. Umesalisha kumi na moja. Na usinishukuru, sikufanya kwa ajili yako. Sitaki parokia yote iseme mke wa Otema hajui kuhesabu. Sasa watasema ni desturi ya kwetu.”

Mama alisimama na sahani yake. Akanigeukia polepole. “Kumi ni kumi?”

“Ndiyo, Mama.”

“Unajua tangu lini?”

“Tangu kidato cha kwanza.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

 Mama akampa Waya sahani amshikie, akatoa tasbihi, akahesabu kutoka kubwa hadi kubwa. Akatoa simu.

“Otema! Kwenye rozari yako, ile kubwa iko baada ya ngapi?”

“Kumi,” baba akasema kutoka Kaabong. “Kwani yako?”

Tulisikia upepo wa Karamoja ukipita kwenye simu, halafu tukasikia baba akielewa. Kicheko kilianza chini, kikapanda, na mwisho akasema kwa shida, “Ndiyo maana mtoto alikuwa analala kabla hamjamaliza!”

Hapo mama naye akashindwa. Alicheka mpaka kitenge kikateleza begani, Waya akakikamata kwa mkono mmoja, sahani kwa mwingine.

“Lakini wifi,” mama akasema akijifuta macho, “hizo moja moja zote nilizozidisha, kila jioni, zimeenda wapi?”

Waya Santa hawezi kuacha swali la dini lipite. Alimrudishia kitenge begani, akakikaza vizuri kuliko mimi. “Zimefika,” akasema. “Ulidhani mbinguni wanarudisha? Kula, pilau inapoa.”

Jioni, Kyebando, mama alikunja tobu lakini kitenge hakukivua. Alikaa pembeni ya kitanda changu, kitanda ambacho siku hizi miguu yangu inatoka nje, akatoa tasbihi.

“Basi leo tuishie wapi?” akauliza. “Niambie sasa, usinifiche tena.”

Niliipima ile tasbihi kwa macho. Kumi ni kumi. Sista amesema, Waya amesema, Kanisa limesema.

“Mpaka kwenye kubwa, Mama,” nikamwambia. Akaanzisha.